Ndizi za Mama Hazimo Kwenye Mshahara

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa gereji moja pale Levolosi kumuuliza fundi magari analipwa kiasi gani kwa mwezi. Nilivaa sketi ya kitambaa kizito niliyoshonewa kwa ajili ya mahafali, nikashika faili kifuani, na swali langu nililikariri njia nzima. Fundi akajifuta grisi mikononi, akanitazama, akamtazama kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tairi, kisha akanitajia kiasi ambacho hata meneja wa benki angekionea haya. Nikaandika. Nikapewa na chai. Nilirudi ofisini nikiwa na furaha ya mtu aliyeianza kazi vizuri.

Mzee Shabani, aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu, akaisoma karatasi yangu, akavua miwani.

"Huyo kijana aliyekaa juu ya tairi ni nani?"

"Simjui, mzee. Alikuwepo tu."

"Fundi alimwitaje?"

Nikakumbuka kwamba alimwita shemeji, na kwamba kulikuwa na mazungumzo ya harusi.

"Basi mwanangu," akasema, "hapa umeandika posa, hujaandika mshahara."

Kesho yake tukarudi wote wawili. Mzee Shabani alikuwa mtu wa Levolosi tangu kuzaliwa, ingawa babu yake alitoka Tanga na yeye mwenyewe aliamini kwamba Arusha hakuna anayejua kupika wali isipokuwa mkewe. Alifika pale, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, akalalamikia klachi ya gari lake, akakubali kahawa. Hakumuuliza mtu yeyote mshahara wake. Alimgeukia fundi bodi akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Hivi huyu mwenzako wa injini, wanamlipa vizuri kweli?" Fundi bodi akatoa kila kitu: mshahara, posho ya chakula, hela ya sabuni, na mwezi gani alicheleweshewa. Tukaenda kwa fundi wa injini, yule niliyemuuliza jana yake, naye akatupa habari zote za fundi bodi. Tulipozilinganisha na za mwenye gereji, zilikuwa sawasawa. Mtu wa Arusha mshahara wake ni siri yake na Mungu wake, lakini wa jirani yake anaujua mpaka sabuni. Nimefanya kazi kwa njia hiyo mpaka nimestaafu, na sijapata nyingine iliyoishinda.

Ninyi wadogo zangu wa kitengo, mlipokuwa mnaniaga mlinipa sanduku zuri la kusafiria, mkaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Sanduku linanisubiri, kwa sababu safari yangu ndefu kwa sasa ni kwenda sokoni Tengeru. Maandishi haya ndiyo niliyoyaweza. Ofisi siitaji jina. Mnaijua, mmekaa kwenye viti vyake, na kile cha dirishani bado kinayumba. Kwa wengine watakaosoma itoshe kusema kwamba kazi yetu ilikuwa kulinganisha mshahara wa kawaida wa mfanyakazi wa nchi moja na wa mwenzake wa nchi nyingine: mwashi wa hapa na mwashi wa Kampala, muuguzi wa hapa na wa Kigali, dereva wa lori wa hapa na wa Nairobi. Ikitajwa hivyo inaonekana ni kazi ya asubuhi moja.

Neno "kawaida" ndilo lililonisumbua kwanza. Mimi nilidhani unajumlisha mishahara yote, unagawa kwa idadi ya watu, unakwenda nyumbani. Mzee Shabani akanipeleka Themi palipokuwa pakijengwa ghorofa. Pale malipo ni ya kutwa na hayana siri, kila mmoja anajua mwenzake anaondoka na nini jioni. Akawaomba wakati wa chakula wajipange mstari, anayelipwa kidogo mwanzo, anayelipwa zaidi mwisho, kama tulivyokuwa tunapangwa shuleni kwa urefu. Wakakubali kwa kicheko, wabeba zege mbele, waashi katikati, mafundi nondo nyuma yao, na mwisho kabisa msimamizi, mtu mwenye kofia nyeupe na tumbo la kuheshimika. Mzee akaniambia nipige wastani. Nikapiga. Ukatoka mzuri ajabu.

"Sasa nionyeshe ni nani hapa anayeupata," akasema.

Nikaupitia mstari wote. Hakukuwa na mtu. Msimamizi peke yake alikuwa ameubeba juu, halafu akawaacha wenzake chini. Mzee Shabani akatembea mpaka katikati ya mstari, akamshika bega mwashi mmoja aitwaye Joeli, akasema, "Kuna wengi mbele yake kama walivyo wengi nyuma yake. Mshahara wa kawaida ni wa huyu." Wenzake walicheka sana. Tangu siku ile Joeli aliitwa Bwana Kawaida, na nilipopita pale baada ya miaka mingi ghorofa limeshaanza kuchakaa, yeye akiwa na kampuni yake ndogo ya ujenzi, mafundi wake bado walimwita Bwana Kawaida bila kujua kisa chake.

Kumpata mtu wa katikati ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kumsimamisha pamoja na wenzake wa nchi nyingine, na hapo ndipo nilipojifunza uvumilivu. Mwenzetu wa Kampala alikuwa anaingiza chakula cha mchana kwenye mshahara, mimi nilikuwa nakiacha nje. Wa Kigali aliandika kwa saa, mimi kwa mwezi. Wa Nairobi alikuwa na aina tatu za "fundi" ambazo mimi nilikuwa nazo moja. Halafu kuna kubadilisha fedha. Asubuhi tulikuwa tumewapita jirani zetu, mchana wametupita, na katikati hapo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeongezewa wala kupunguziwa chochote. Tuliweza kubishana kwenye simu mpaka chai ikapoa, kisha tukaagana kwa upendo mkubwa na kila mmoja akabaki na takwimu zake.

Ndiyo maana Mzee Shabani alikipenda kikapu. Alisema shilingi isiulizwe ina thamani gani benki, iulizwe sokoni. Tukawa na orodha moja ya vitu vya nyumba ya kawaida, unga, maharage, sukari, nyanya, ndizi za kupika, maziwa, mafuta, sabuni, na kila nchi inatazama mshahara wake wa kawaida unafika wapi kwenye orodha ile. Mimi nilitembea na mizani ndogo ya jikoni kwenye mkoba, kwa sababu fungu la nyanya la Kikatiti si fungu la nyanya la Kampala, na hata pale Kikatiti fungu la asubuhi si la jioni. Akina mama wa sokoni hawakuipenda mizani ile. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na wakwe zake. Baadaye walinizoea, wakaniita Mama Takwimu, na nikawa napewa nyanya ya nyongeza ambayo iliniharibia kipimo.

Mzee Shabani alistaafu, nami nikahamia kwenye kiti chake. Mambo ya vyeo tuyaache. Ninalotaka kuwasimulia ni kesi moja iliyokuja baada ya hapo, maana hiyo ndiyo mnayoniuliza kila mara, na kila mara mnaisimulia vibaya.

Kulikuwa na shamba la maua upande wa chini wa Kikatiti. Mkataba wa hali bora za kazi baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi ulikuwa umekwisha muda, na walikuwa wanaketi kujadili mpya. Chama kilisema wapangaji maua wa nchi jirani wanalipwa zaidi kwa kazi ileile. Mwajiri alisema ukibadilisha fedha ni sawa tu. Walikuwa wameshafika mahali ambapo kila upande unarudia sentensi yake kwa sauti ya juu zaidi, mpaka mtu mmoja akasema waitwe wale wanaolinganisha. Pande zote mbili zikakubali kwamba watafuata jedwali letu litakavyosema. Nilifurahi kwa dakika chache, halafu nikaogopa.

Nikakaa pale siku kadhaa kwenye banda wanapopangia maua, mahali penye baridi kali, wanawake wamevaa sweta mbili mbili na glavu, wakipima urefu wa mashina na kufunga. Nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Sikumuuliza mtu mshahara wake. Nilimuuliza kila mmoja habari za mwenzake wa meza ya pili, na wakanieleza vizuri kuliko ofisi ya uhasibu. Nilipowapanga wote kwa mshahara, wa katikati kabisa alikuwa mama mmoja kijana aitwaye Anaeli.

Anaeli alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Aliishi kwa mama yake, kule juu mlimani kwenye migomba, na watoto wawili, mdogo ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Nilipomwambia kwamba yeye ndiye mfanyakazi wa kawaida wa shamba zima, alifikiria kidogo akasema, "Mama yangu atafurahi. Siku zote husema mimi si wa kawaida."

Kisha akaniuliza, "Mama, hii kazi yenu inaisha lini?"

"Jedwali litakuwa tayari kabla ya kikao. Kwa nini?"

Akasogea karibu. Kuna kaka mmoja, akasema, anatafuta wapangaji maua wazoefu wa kupeleka mashamba ya ng'ambo ya mpaka. Mkataba wa miaka miwili, kulala kwenye chumba cha kupanga, kurudi nyumbani Krismasi. Alitaka jibu mwisho wa mwezi.

"Na watoto?"

"Wangebaki na mama. Mama hakatai kubaki nao." Akavuta glavu zake. "Mimi ndiyo roho inakataa. Lakini kwa mshahara huu wa hapa, mama, kila mwezi nakopa kabla haujaisha. Wakiongeza, nakaa. Wasipoongeza, nitaenda. Sasa wanasema wanasubiri jedwali lako."

Nilimwambia kazi yetu ni kulinganisha, si kumshauri mtu akae au aende. Ni kweli, ndivyo kanuni inavyosema. Lakini niliporudi mjini jioni ile sikuwa naona tena jedwali, nilikuwa naona mtoto wa darasa la kwanza. Sikulificha hilo moyoni mwangu na silifichi sasa. Nilitaka abaki.

Nikachukua kiasi cha mshahara wa wiki wa Anaeli nikaenda nacho soko la Kikatiti na mizani yangu. Siku hiyohiyo mwenzangu wa Nairobi, Muthoni, mtu mchangamfu tuliyebishana naye kwenye simu kwa miaka, alikwenda kwenye mji wa maua wa kwao na mshahara wa wiki wa mpangaji maua wao wa katikati. Tukakubaliana tukutane Namanga, tuviweke vikapu pamoja tuvione kwa macho. Pale mpakani afisa aliuliza kama vile vyakula ni biashara. Nikamwambia ni takwimu. Akaniruhusu haraka, nadhani kwa huruma.

Tukaviweka juu ya meza ya hoteli ndogo ya chai upande wa pili. Muthoni akatoa chake kimojakimoja kwa kufuata orodha, mpaka mafuta, mpaka sabuni, na chenji ikabaki. Mimi nikatoa changu. Unga ulikuwepo, maharage yalikuwepo, sukari ilikuwepo, nyanya zilikuwepo, ndizi zilikuwepo na maziwa yalikuwepo. Hapo kikabaki na kichupa kimoja kidogo, basi.

"Haki, Mama, na sabuni iko wapi?" akauliza.

"Haikufika."

"Na mafuta?"

"Kidogo tu, yako kwenye kichupa hicho."

Akakitazama kile kichupa, hakucheka. Mwenye hoteli akatuuliza kama tunafungua duka, kwa sababu kama tunafungua duka, meza inalipiwa. Tukaagiza chapati.

Basi jedwali la kwanza likatoka hivyo: mpangaji maua wa kwetu yuko nyuma ya mwenzake, kwa mafuta na sabuni na zaidi kidogo. Nikalituma pande zote mbili. Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Bwana Elifuraha, afisa utumishi wa shamba, Mmeru wa kule Poli, mcheshi, mtu ambaye huwezi kumchukia hata ukijitahidi.

"Mama, shikamoo. Jedwali lako nimelisoma, zuri sana. Ila lina kasoro moja."

"Marahaba. Kasoro gani?"

"Ndizi. Mfanyakazi wetu gani ananunua ndizi? Na maziwa? Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Hebu kamuulize huyo Anaeli mara ya mwisho kununua ndizi ni lini."

Nikaenda nikamuuliza Anaeli. Akashangaa swali lenyewe. Ndizi anunue za nini? Mama ana migomba. Maziwa mama ana ng'ombe. Akishika mshahara ananunua unga, sukari, mafuta, sabuni na madaftari. Hajawahi kununua ndizi tangu azaliwe, na angeona aibu kuonekana nazo sokoni, watu wangedhani mama yake amekufa.

Huu ndio mtego, na mtauona nyinyi wenyewe. Orodha yetu inasema tuandike vitu ambavyo watu wananunua. Anaeli hanunui ndizi wala maziwa. Nikivitoa kwenye kikapu chake, hela yake inafika kwenye mafuta na sabuni, vikapu viwili vinakuwa sawa, na mwajiri anashinda kwa haki kabisa. Nikiviacha, nitakuwa nimeandika jambo ambalo halipo. Elifuraha hakuwa anadanganya. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa nikiwa mkali kwa kila mtu, mpaka mhudumu wa ofisi akaacha kuniletea chai.

Jumamosi nilikuwa nyumbani. Bodaboda ikaingia uani, dereva kafunga mkungu wa ndizi nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, mama. Bibi amesema hizi za mtori, na hizi kwenye mfuko ni za kuivisha."

Mama yangu wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka themanini na alikuwa bado ananitumia ndizi kila wiki mbili, mimi mwenye wajukuu. Kabla dereva hajageuza pikipiki, simu ikalia.

"Zimefika?"

"Zimefika, mama. Asante. Lakini si ungeziuza hizi?"

"Nimuuzie nani? Na usinunue za sokoni, hazina ladha. Mwaka huu nimeweka kijana wa kusimika nguzo, migomba imezaa sana, inaanguka."

Nikakaa kumenya ndizi za mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Utomvu ukanichafua vidole, na nilipokuwa navipaka mafuta ili weusi utoke, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu siku ya kwanza. Nimekula ndizi za mama miaka yote ya kazi yangu. Ofisi yangu iliniajiri, ikanipangia mshahara, ikanipandisha na kunipa likizo, na hakuna siku hata moja mtu aliniuliza kama mama yangu ana migomba. Kijana wa kusimika nguzo anamlipa mama. Mbolea ananunua mama. Nilicheka peke yangu jikoni, nikamaliza kumenya.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa chakula wa shamba saa nne asubuhi. Bwana Elifuraha alikuwepo na mhasibu wake, katibu wa chama alikuwepo, na Anaeli aliketi pembeni kwa niaba ya wapangaji maua, mikono mapajani. Mimi na jedwali langu. Elifuraha akaomba aanze.

"Ndugu zangu, mimi nasema kama mtoto wa hapa. Mungu ametupa mlima. Huyu mfanyakazi wetu ana ndizi, ana maziwa, ana mboga za majani. Yule wa ng'ambo amepanga chumba, ananunua mpaka kitunguu. Sasa ukiwalinganisha kwa haki, wa kwetu yuko naye bega kwa bega. Mama Takwimu mwenyewe amemuuliza, hanunui ndizi. Mama, ni uongo?"

"Si uongo," nikasema. Katibu wa chama akanitazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Anaeli akainamisha kichwa. "Bwana Elifuraha, naomba nikuulize na wewe. Nyumbani kwako mnanunua ndizi?"

"Sisi?" Akacheka. "Tununue na mama yupo?"

"Maziwa?"

"Mama yupo."

"Sasa walipokupangia mshahara hapa, walikupunguzia kiasi gani kwa sababu mama yupo?"

Mhasibu akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika. Nikaendelea kabla ukumbi haujaanza kucheka.

"Mimi Jumamosi nimeletewa mkungu. Ofisini kwetu hakuna anayeujua, na wakijua hawatanikata. Hata huyu katibu wa chama, najua anakotoka, hanunui ndizi. Humu ndani sote tunalishwa na mama zetu, ila wakati wa kulinganisha mshahara tunamhesabia Anaeli peke yake. Nimeulizwa mshahara wa shamba hili unanunua nini. Ndizi zile hazikununuliwa na mshahara wa shamba hili. Kwa hiyo orodha inabaki ilivyo, ndizi na maziwa kwa bei ya soko, huku na ng'ambo vilevile."

Anaeli akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi nilikuwa naomba," akasema polepole, "kama ndizi zitahesabiwa, basi mama naye aandikwe kazini. Apewe gambuti na likizo. Ana miaka mingi hajapumzika."

Elifuraha ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka mpaka akatoa leso. Watu wa huku wanacheka hivyo wanaposhindwa na kitu wanachokijua vizuri.

"Mama, hapo mmenishika pabaya," akaniambia. "Mama yangu akisikia nimezitumia ndizi zake hivi, sitaziona tena. Haya, jedwali libaki. Tuendelee na mengine."

Waliendelea bila mimi, vikao kadhaa. Kilichopatikana kilikuwa pungufu ya kile kilichoombwa na chama na zaidi ya kile mwajiri alichokuwa ameapa kwamba hakiwezekani, pamoja na chakula cha mchana. Nilipopelekewa nakala ya mkataba nilikwenda Levolosi kumwonyesha Mzee Shabani. Alikuwa ameshachoka, anasoma kwa shida, lakini aliusoma wote na kahawa yake, akaniuliza kama nilimnunulia Muthoni zile chapati za Namanga au alilipa yeye. Nikamwambia alilipa yeye. Akasema hilo linanitia aibu kuliko yote.

Wiki ya mwisho ya mwezi nilirudi shambani kuandika mshahara mpya. Nilimkuta Anaeli nje ya banda, kwenye jua, anakula chakula cha mchana cha mkataba mpya. Nilikuwa na hamu ya kumuuliza na nilikuwa naogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu upya na nilijua imetokaje. Aliniuliza yeye.

"Mama, kikapu cha yule mwenzangu wa ng'ambo bado kinazidi changu?"

Ningeweza kumjibu kwa namna nyingi. "Bado," nikasema. "Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Sabuni umeifikia. Mafuta yake bado ni mengi kuliko yako. Na yeye chenji kidogo inambakia."

Akatafuna, akafikiria. Simu yake ikalia pale kwenye benchi. Mikono yake ilikuwa na mchuzi, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje tukaisikia sote. Alikuwa yule kaka wa kupeleka watu ng'ambo.

"Vipi dada, umeamua? Gari linaondoka Jumatatu."

"Kaka, tafuta mwingine. Nimepata kazi."

"Kazi? Wapi?"

"Hapa Kikatiti. Kwenye maua."

"Dada, si ndiyo kazi uliyokuwa nayo hiyo?"

"Hapana," Anaeli akasema. "Ile alikuwa ananilipa mama yangu, kwa ndizi."

Akakata simu, akanawa mikono kwenye bomba, akavaa glavu zake akarudi ndani.